Helmeti ya ami na baraza ya Ndia Kuu

Juzi tuliletewa friji mpya, na watoto hawakuitazama friji yenyewe hata mara moja. Walilolitaka ni lile povu jeupe kavu lililoizunguka. Mdogo alichukua kipande kikubwa akakivunjia gotini, kah! Chembe zikatapakaa sebule nzima, kwenye busati, kwenye nywele za dada yake, ndani ya uji. Mama yao akaanza kufoka. Mimi nilisimama palepale na waya wa friji mkononi, nikajikuta nausugua mkono wa kushoto chini ya kiwiko.

Sauti ile naijua. Niliisikia kwa karibu sana, kwenye sikio langu hasa, mtaa wa Ndia Kuu, Mji wa Kale wa Mombasa, masika ya 1995.

Walionijua Kibokoni wameshaanza kucheka, maana habari ya helmeti wanayo. Kwa wengine: aliileta ami, yule wa meli. Meli yao ilitia nanga Melbourne, ami akaazima baiskeli ya mpishi aende mjini kutafuta nyama ya halali. Hakufika mbali, askari akamsimamisha na kumwonyesha kidole kichwani. Ami, mtu wa Mombasa, akatia mkono mfukoni. Askari akashangaa kweli, kisha akamweleza pole pole kwamba katika jimbo lao la Victoria, tangu Julai 1990, kuendesha baiskeli kichwa wazi ni kosa. Ilikuwa sheria ya kwanza ya aina yake duniani. Ami alirudi melini akiikokota baiskeli, na kabla ya kung'oa nanga alikuwa ameshanunua helmeti, nyeupe, ina mstari wa samawati. Zawadi yangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa tarishi wa ukoo mzima.

Ila ami hakuwa mtu wa kuficha upande wa pili wa habari. Siku ileile ya kunivika alisema, "Lakini Rotterdam nimewaona vikongwe, kapu la mboga mbele, mjukuu nyuma, kichwani hana hata kitambaa, na mvua inanyesha."

Mama akauliza, "Sasa kati yao nani mjinga?"

"Kule baiskeli ina njia yake, shemeji. Hapa ina njia ya nani?"

Basi. Mama akapitisha hukumu: bila helmeti, hakuna baiskeli. Mtaani nikaitwa Kobe wa Bamburi, na jina hilo lilinifuata mpaka sekondari. Bibi naye alisisitiza nivae kofia ya kawaida ndani yake, ili watu wasidhani tumebadili dini. Kwa hiyo nilikuwa na tabaka mbili, na jasho la masika ya Mombasa chini ya zote mbili.

Siku yenyewe mama alikuwa na oda ya sambusa za nyumba ya harusi. Beseni lilifunikwa kanga, likafungwa kwenye keria kwa mipira ya tyubu, na mimi nikaambiwa nisikimbize. Sikukimbiza. Hili nalisema kila mara, na kila mara haliaminiwi. Baiskeli ilikuwa Black Mamba ya marehemu babu, chuma kitupu, breki zake za vyuma zilikuwa zikishika zinapotaka. Kwa mwendo niliokuwa nao, mtu mwenye haraka zake angeweza kunipita kwa miguu.

Ilikuwa baada ya alasiri, mvua imekatika punde tu. Mbele yangu, kutoka kichochoroni, ukatokea mkokoteni wa maji, madumu yamepangwa mpaka juu, na mwenyewe hanioni kwa madumu. Nikajibana ukutani kumpisha. Tairi la mbele likagusa ukingo wa mtaro, pale penye ukoga wa kijani, likateleza kwenda kushoto bila mimi.

Hapo ndipo muda ulipokuwa mrefu. Wazee wanne au watano walikuwa wamekaa barazani, kwenye ile baraza ya mawe iliyotokeza mbele ya nyumba, na muuza kahawa alikuwa amechuchumaa mbele yao akimimina. Nilimwona vizuri mno. Mkono wa kulia umeliinua birika, uzi mwembamba wa kahawa unashuka, mkono wa kushoto umeshika vikombe viwili kwa vidole, na macho yake yananitazama mimi, si kikombe. Kahawa ilikuwa inafurika vidoleni mwake na hakuitikisa. Mzee mmoja alikuwa ameinua mguu wake mmoja juu ya baraza, kandambili imebaki chini, ya bluu, ukanda wake umefungwa kwa waya. Nakumbuka kuwaza kwamba nitaiangukia kandambili ya mtu. Sikuwaza mkono. Sikuwaza kichwa. Mkono ulijipeleka wenyewe mbele, kama inavyofanya mikono, nikasikia kitu ndani yake kikikubali, na hapohapo upande wa kichwa, juu ya sikio, ukakutana na ncha ya baraza.

Kah.

Baada ya hapo nina kipande kimoja tu ambacho ni changu: gurudumu la nyuma likizunguka hewani, tik-tik-tik, na paka wa Mji wa Kale wakitoka nisikokujua, kila mmoja na sambusa yake. Mengine yote niliyasikia kwa watu. Walisema niliketi mwenyewe. Walisema niliuliza kama sambusa zimefika. Nikajibiwa hazijafika. Nikauliza tena, kwa sauti ileile na uso uleule, kama sambusa zimefika. Wakanijibu tena. Muuza kahawa aliniambia baadaye kwamba mara ya tatu ya swali hilo ndipo mzee wa kandambili alipoacha kucheka akasema, "Huyu apelekwe hospitali, na si kwa huo mkono."

Wengine walitaka nipelekwe kwa muunga mifupa, kulikuwa na mmoja hodari Majengo. Mzee yule akashikilia msimamo wake, na nashukuru. Daktari alinimulika tochi machoni, akanipiga picha ya mkono, akanifunga plasta, akamwambia mama aniamshe usiku kila baada ya muda aone kama najitambua, na nikitapika au nikiwa mzito wa kuamka nirudishwe upesi. Mama hakulala. Kila akiniamsha nilimuuliza habari ya sambusa, mpaka karibu na alfajiri nilipomuuliza mkono umefanya nini. Akalia hapo, si kabla.

Kesho yake wageni walikuja kutupa pole, na baraza ikahamia kwetu. Hukumu yao ilikuwa moja. Walitazama plasta, wakatazama helmeti iliyolala juu ya kabati na ufa wake, wakasema, "Haya, na hicho chungu chenu cha Ulaya kimemfaa nini? Mkono si umevunjika?"

Ungewajibu nini? Mkono uliovunjika unaonekana, hata kutiwa saini kwa kalamu unatiwa. Fuvu ambalo halikupasuka halina plasta. Na mimi mwenyewe, nikiwa mkweli, siwezi kusimama mahakamani nikaapa kwamba lingepasuka. Pengine ningeinamisha shingo vingine. Pengine bila ule unene wa helmeti kichwa kisingeifikia ncha ya baraza, kingepita sentimita mbili pembeni. Binamu yangu alishika hoja hiyo ya sentimita mbili kwa miaka.

Aliyenifumbua macho ni ami, aliporudi safari iliyofuata. Aliishika helmeti, akaigeuza, hakujishughulisha na ufa wa nje. Akanichukua kidole gumba akakipitisha ndani, upande wa juu ya sikio. Povu la ndani, la namna ileile ya friji, lilikuwa limebonyea, limekuwa gumu na jembamba, tofauti na upande wa pili. "Hapa ndipo kichwa chako kilipopunguza mwendo," akasema. Povu lile kazi yake ni kusagika. Linakubali kuvunjika ili kichwa kipate nafasi ndogo ya kusimama, badala ya kusimama ghafla juu ya jiwe. Likishasagika halirudi. Na ubongo ndani bado unatikisika, helmeti haiushiki, ndiyo sababu ya maswali yangu ya sambusa. Mkono, bega, goti, hayo hayakuwa katika mkataba wake.

Suala la mwendo nilikuja kulisoma ukubwani. Helmeti za Ulaya hupimwa kwa kuangushwa kutoka kimo cha karibu mita 1.5 juu ya chuma bapa. Fanya hesabu: kinachoanguka kutoka hapo hufika chini kwa mwendo wa karibu kilomita 20 kwa saa. Hicho ndicho kimo cha kichwa cha mtu aliyekaa kwenye baiskeli, hata ikiwa imesimama. Wazee walikuwa wakiniambia ningeenda polepole nisingeumia. Nilikuwa naenda polepole. Kichwa ndicho kilichoanguka kwa mwendo wake.

Julai ya mwaka uleule, Fabio Casartelli, Mwitalia aliyekuwa bingwa wa baiskeli wa Olimpiki wa 1992, alianguka kwenye mteremko wa Portet d'Aspet katika mbio za baiskeli za Tour de France, kichwa wazi, akafa. Mashindano makubwa hayakulazimisha helmeti mpaka 2003, baada ya kifo kingine, cha Andrey Kivilev wa Kazakhstan. Nikiwa na haya mawili mkononi nilidhani nimeshinda mjadala na binamu. Kisha Agosti 2022 tukapata habari za Suleiman Kangangi, mwendesha baiskeli wetu wa Kenya, ameanguka mbioni Vermont, Marekani, amefariki, na mashindanoni siku hizi hakuna anayeendesha kichwa wazi. Binamu hakusema kitu siku hiyo. Nami sikusema.

Helmeti yenyewe ami aliagiza itupwe. "Hii imeshakufa, shemeji. Pigo moja tu, basi." Mama akaitikia vizuri kabisa, akamsindikiza mpaka getini la bandari, akarudi nyumbani akaupaka ufa gundi, akaikausha juani juu ya dari na kumpa binamu. Kitu kimesafiri bahari nzima, hakitupwi kwa ufa. Binamu akaivaa miaka, Buxton, Kongowea, mpaka darajani Mtwapa, na hakuanguka hata siku moja.

Siku hizi ana bodaboda, stendi yake Bamburi. Helmeti anayo, kubwa, ya pikipiki, inaning'inia kwenye usukani na hupanda kichwani akikaribia askari. Baada ya habari ya friji nilimpigia kumwambia mambo ya povu, na kwamba ile ya ami aliyokuwa akiivaa ilikuwa imeshakufa kabla hajaipata, imeshikwa na gundi ya mama tu.

Akakaa kimya kidogo. "Basi ona," akasema. "Ikiwa maiti ilinilinda miaka yote ile, hii nzima si itanilinda hata ikiwa hapo kwenye usukani?"

Nilikuwa bado natafuta pa kuanzia kumjibu, akasema ana abiria wa Nyali, tutaongea jioni.