Kambi ya Barafu haina maji

Tulipokuwa watoto kule Uru, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, tukilalamikia ubaridi wa maji ya mfongo, yaani mfereji wetu wa kumwagilia mashamba, marehemu bibi alitujibu kwamba jana yake maji hayo yalikuwa theluji ya Kibo, kilele kirefu zaidi cha mlima huo. Niliamini hivyo hadi nilipoanza kazi ya upagazi katika njia ya Machame. Kambi ya mwisho kabla ya kilele, iliyo zaidi ya mita 4,600 juu ya usawa wa bahari, inaitwa Barafu, nayo haina hata kijito. Tulijaza madumu katika bonde la Karanga, tukayapandisha kichwani kwa saa kadhaa kuelekea kwenye barafu yenyewe, na njia nzima nilijiuliza inakuwaje maji yabebwe kupelekwa yanakodhaniwa kutoka.

Sababu ni kwamba kule juu hewa ni kavu na baridi, na jua ni kali, hivyo sehemu kubwa ya barafu hugeuka mvuke moja kwa moja bila kupitia hali ya maji. Kinachoyeyuka ni kidogo. Barafu hiyo imepungua kutoka takriban kilomita za mraba 12 mwaka 1912 hadi chini ya 2 mwaka 2011, jambo linaloniuma kila ninapoutazama mlima asubuhi, lakini si hiyo inayoilisha mito yetu.

Mito hulishwa na msitu. Upande wa kusini, mvua nyingi zaidi hunyesha katika mwinuko wa mita 2,200 hivi, ambako miti imevikwa ndevu za kijani ambazo ukizikamua kiganjani hutoa maji kama sifongo. Sehemu ya mvua hiyo huzama katika miamba ya volkano yenye nyufa na kuibuka chini kama chemchemi; nyingine hushuka juu ya tabaka za lava ngumu zilizopishana na majivu laini, na pale majivu yanapolika huku lava ikibaki imesimama, mto hukosa pa kukanyaga, ukaanguka. Maporomoko ya Materuni, yenye urefu unaozidi mita 70, yanaangukia mbele ya ukuta mweusi wa namna hiyo.

Jumamosi iliyopita zamu ya maji ilikuwa yetu. Nilifungua mfongo kuelekea kwenye migomba, nikateka kwa viganja viwili na kunawa uso. Maji yalikuwa baridi kama zamani, nayo yalinukia majani yaliyooza.