Kidonge cha Saa Tano Usiku

Majira ya baridi ya mwaka 2007 nilikuwa nikijitolea kusaidia darasa la Kiingereza la watu wazima katika maktaba ya umma ya Jackson Heights, eneo la Queens jijini New York, si mbali na barabara ya Roosevelt ambako treni namba 7 hupita juu kwa juu na kuwakatiza watu mazungumzo. Karibu wanafunzi wote walizungumza Kihispania: walitoka Ecuador, Kolombia, na Puebla kule Meksiko. Kihispania changu nilikuwa nimekiokota jikoni, kwa wapishi wa Puebla niliofanya nao kazi mgahawani, kwa hiyo wajibu wangu ulikuwa kukaa karibu na aliyekwama na kumweleza kwa lugha yake.

Jioni ninayoikumbuka, somo lilikuwa nahau. Mwalimu, Mmarekani aliyekwisha kustaafu, aliandika ubaoni kwamba jambo jepesi ni “a piece of cake”, na wanafunzi wakamwambia kuwa kwao jambo hilo huitwa mkate ulioliwa. Mimi niliwasimulia kwamba sisi husema ni rahisi kama kumsukuma mlevi, wakacheka sana. Tukafika kwenye bei ghali, ambapo Mwingereza hudai kalipa mkono na mguu, na Mhispania hudai kitu kimemgharimu jicho la usoni. Darasa lilichangamka, nami niliamini, kama ninavyoamini hadi leo, kwamba nahau si mtego mkubwa kwa mgeni wa lugha, kwa kuwa anayeambiwa habari ya mkono na mguu hutambua papo hapo kuwa kuna maana iliyofichika, naye huuliza. Linaloumiza ni neno ambalo msomaji hana shaka nalo.

Wakati tukiendelea, mama wa makamo kutoka Cuenca, nchini Ecuador, ambaye kwa kawaida hakuwa msemaji, alifungua mkoba wake akatoa kichupa cha plastiki cha rangi ya chungwa.

“Maestro,” aliniambia kwa sauti ya chini, “dawa hii ya presha ya mume wangu, ni lazima anywe usiku?”

Mumewe alifanya kazi katika kiwanda cha mikate upande wa Brooklyn. Alitoka nyumbani saa tisa za usiku, hivyo alilala mapema, jua linapozama. Hata hivyo, kila usiku ilipofika saa tano mama huyu alimwamsha, akampa maji na kidonge, kisha mzee akahangaika kuutafuta tena usingizi mpaka saa ya kwenda kazini. Nilikichukua kile kichupa nikasoma lebo, ambayo ilikuwa kwa Kiingereza kitupu: “Take one tablet by mouth once daily.” Hapakuwa na saa yoyote iliyoandikwa.

Alikuwa amesoma neno “once”. Kwa Kiingereza maana yake ni mara moja, lakini herufi hizohizo nne, kwa mpangilio uleule, ndizo zinazoandika kumi na moja kwa Kihispania, na saa kumi na moja ya usiku kwa hesabu yao ndiyo saa tano kwetu. Nilipomuuliza amefikiaje uamuzi wake, alinieleza kwa utulivu. Vidonge kumi na kimoja kwa siku haviwezekani, maana kichupa kilikuja na vidonge 30 vya kutosha mwezi mzima. Basi namba hiyo lazima iwe ya saa. Saa tano ya asubuhi mumewe yuko kazini. Basi lazima iwe usiku. Sikuona uzembe wowote katika hesabu hiyo, na nilikasirika mwanafunzi mmoja alipocheka. Aliyekosea ni yule aliyempa mgonjwa maelekezo katika lugha asiyoisoma, akaridhika.

Mwalimu alifuta nahau zote. Muda uliobaki tuliutumia kukusanya maneno ya namna hiyo, nayo hayakukauka: “actually”, ambalo wao hulisikia kama “kwa sasa”, “assist”, ambalo hulidhania kuwa ni kuhudhuria, “embarrassed”, ambalo limewafanya wengi watangaze kuwa wameona haya wakati ni wajawazito. Ugumu mwingine ulikuwa wa kitenzi chao “esperar”, ambacho peke yake hubeba kungoja, kutumaini na kutarajia. Hapo Kiswahili kilinisaidia, kwa kuwa kina vitenzi vitatu kama Kiingereza. Kwenye “ship” na “sheep” sikuwa na msaada wa kutoa, maana Kiswahili na Kihispania vyote vina irabu tano tu.

Baadaye nilikuja kusoma kisa cha Willie Ramirez, kijana wa miaka 18 aliyefikishwa hospitalini Florida mwaka 1980 akiwa hajitambui. Familia yake, yenye asili ya Kuba, ilisema yu “intoxicado”, yaani kadhuriwa na kitu alichokula au kunywa. Madaktari wakaelewa kwamba amezidisha dawa za kulevya, wakamtibu hivyo, ilhali damu ilikuwa ikivuja ubongoni. Alipooza mikono na miguu, na fidia iliyokubaliwa ilifikia dola milioni 71. Mwaka 2009 New York ilipitisha sheria inayoyataka maduka ya dawa yenye matawi mengi yawatafsirie wagonjwa maelekezo, na kanuni za jimbo zima zikafuata mwaka 2013. Maduka madogo ya mtu mmoja, kama lile alikonunua mzee wa Cuenca, hayakuguswa na sheria ile ya jiji.

Usiku ule hatukuwa na sheria ya kutegemea, ila namba ya simu iliyochapwa kwenye lebo. Nilimwandikia mama swali kwa Kiingereza, akapiga na kuuliza mwenyewe. Mfamasia alimjibu kwamba asubuhi inafaa, mradi iwe saa ileile kila siku. Alipokata simu hakushukuru kwanza. Alimgeukia mwalimu akataka kujua kwa nini “once” hutamkwa “wans” ilhali haina herufi ya w. Mwalimu akaandika ubaoni “one”, “once”, “only” na “alone”, akaeleza kwamba yote manne yana mzizi mmoja, kwamba zamani hata “one” ilianza kwa sauti ya o inayosikika hadi leo katika “only”, na kwamba w iliingia kutokana na lafudhi za baadhi ya sehemu za Uingereza, ila maandishi hayakubadilishwa. Mama aliyanakili yote manne kwenye daftari lake.