Jani la isale na bomba la maji

Mwenyekiti wa mtaa aliponiita ofisini kwake nilidhani ni mchango wa ulinzi shirikishi. Kumbe wafanyabiashara wa mtaa wetu hapa Moshi walikuwa wamechanga shilingi milioni 14, wanataka sanamu pale barabara mbili zinapokutana, kwenye kile kipande cha pembetatu kilichojaa magunzi ya mahindi na chupa za maji. Mimi ni mwalimu mstaafu, najua kuandika barua. Nikatwishwa ukatibu.

Kikao cha kwanza kila mtu alikuja na sanamu yake kichwani. Mmoja alitaka mlima, juu ya mlima simba, chini ya simba kikombe cha kahawa. Mwingine alitaka shaba, "kama yule Askari wa Posta". Nikamwambia Askari wa Dar es Salaam kasimama pale tangu 1927, lakini alimiminwa London. Kwa hela yetu labda tungepata buti lake moja. Wakacheka. Ila hoja ya mlima iliendelea mpaka saa mbili usiku. Mlima! Ukisimama pale asubuhi kabla mawingu hayajafunga, Kibo yenyewe, kilele cha Kilimanjaro, inakutazama. Kichuguu cha saruji mbele yake cha nini?

Tukakubaliana tusimchoree msanii. Tuliandika ukurasa mmoja tu: mahali palivyo, vipimo, hela iliyopo, nani hupita pale, na tusiyoyataka. Ncha kali hatutaki, maana watoto watapanda utake usitake. Matangazo hatutaki. Urefu usimzuie dereva kuona barabara ya pili. Wazo lenyewe tukawaachia wasanii watatu, kila mmoja akalipwa laki 2 atuletee mfano mdogo. Kuna mjumbe mpaka leo anasema laki 6 ile tulitupa. Mimi nasema hakuna hela tuliyoitumia vizuri kuliko hiyo.

Mfano uliotushika ulikuja juu ya kifuniko cha ndoo. Jani moja la isale, ule mmea wa majani marefu, limefinyangwa kwa udongo, limesimama na kupinda kidogo kwenye ncha. Kijana aliyelifinyanga hakusema kitu, alizungusha kifuniko polepole. Upande huu jani. Ukifika upande wa pili unaona mgongo wa mtu aliyeinama. Kwa Wachagga aliyekosa hupeleka jani la isale, na aliyekosewa akilipokea, shauri limekwisha. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mzee mmoja tu ndiye aliyekunja uso. "Mwanangu, isale huwa hai. Hili la saruji mnamwombea nani msamaha?" Kijana akajibu kwa adabu, "Basi mzee, tulizungushie isale za kweli." Mzee akaguna. Tukaandika kwenye muhtasari kwamba ameridhia.

Sasa kibali. Nilipeleka barua halmashauri nikakaa kusubiri, miezi miwili ikayeyuka. Kosa lilikuwa langu. Barabara kuu ni za TANROADS, wakala wa barabara wa serikali, hizi za mitaani tangu 2017 ziko kwa wakala mwingine, TARURA, na kipande kilicho katikati ya barabara ni hifadhi ya barabara hata kama wafagiaji wa manispaa ndio wanaokisafisha. Nilitakiwa kuanza na mwenye barabara, nimpelekee mchoro wenye vipimo, kisha halmashauri. Nilipofuata mpangilio huo mambo yalitembea.

Msanii alitaka kutumia chuma, na akajikataza mwenyewe. "Mwalimu, bati lile litakatwa usiku, asubuhi liko kwenye mzani wa vyuma chakavu." Tukaenda na saruji juu ya nondo: mifupa ya nondo, wavu wa kuku umefungwa tabaka juu ya tabaka, kisha udongo wa saruji, mchanga ndoo mbili kwa saruji ndoo moja, unapigwa kwa mkono mpaka ujae kwenye matundu. Hakuna cha kuuza humo ndani.

Siku ya kuchimba msingi ndiyo sitaisahau. Kufika karibu mita moja, sururu ikagonga kitu, na maji yakaruka mpaka kwenye karai la mama anayekaanga mihogo. Mafuta ya moto yanachachatika, mama kakimbia, vijana wanacheka, mimi nimeshika mchoro ulioloa. Mtaa mzima haukuwa na maji hadi alasiri. "Mwalimu, sanamu yako imeanza kunywa maji yetu kabla haijazaliwa!" Nilimlipa mama mihogo na mafuta kutoka mfukoni mwangu, na gharama ya bomba ikala posho yote ya vikao. Ramani za mabomba zilikuwepo kwa wenye maji siku zote, hatukwenda kuomba. Ukichimba mjini, anza huko, halafu kwa watu wa umeme na wa nyaya za simu.

Kupiga saruji kulichukua siku mbili, kuifunika kwa magunia mabichi siku 7. Watoto wa mtaa ndio walioyamwagia maji, zamu kwa zamu, kwa malipo ya maandazi.

Kabla hatujaondoa magunia kampuni moja ilikuja na milioni 5, sharti jani lipakwe rangi zake. Nusu ya kamati macho yaliwang'aa. Bahati nzuri mkataba ulishasema kazi haibadilishwi bila idhini ya msanii, na Sheria ya Hakimiliki ya 1999 iko upande wake. Nikakisoma kifungu kwa sauti, wakaaga.

Tulizuia asilimia 10 ya malipo kwa mwaka mzima, na hapo msanii alinuna kweli. Masika ilipokuja ufa mwembamba ukatokea kwenye shina, mahali ambapo watoto huteleza wakishuka. Nilimpigia simu nikitegemea maneno. Akaja Jumamosi na ndoo yake, akauchimba, akauziba, akang'oa na isale moja iliyokufa akapanda nyingine. Juni tukammalizia hela yake. Yule mzee alikuwepo, amekaa kwenye benchi la mama wa mihogo. Akahesabu zile za kweli kwa fimbo, moja moja, akasema bado mbili.