Mizizi ya kuoka yenye shira ya siki: jinsi nilivyoipatia

Karoti imezoea kukaa pembeni ya sahani kama pambo. Mimi nilitaka mboga za mizizi ziwe chakula chenyewe: laini ndani, zimebabuka kidogo kwenye ncha, tamu na chachu kwa pamoja, tena zinang'aa kiasi cha kumfanya mtu anyooshe mkono kabla hajakaribishwa. Sasa zinatoka hivyo kila ninapozipika, na jambo lililonifikisha hapo ni moja kuliko mengine yote: siki inaingia mwisho.

Maelekezo mengi hukutaka uchanganye kila kitu kwenye bakuli, yaani mafuta, siki, asali na chumvi, kisha uiachie oveni imalize. Ni rahisi, lakini yanakwenda kinyume na tabia ya mboga hizi. Mzizi hulainika pale pektini, ile gundi inayoshikanisha seli zake, inapoachia kwa joto. Asidi huifanya gundi hiyo ing'ang'anie. Aliyewahi kutia nyanya mapema kwenye maharage anaijua hali hii: moto unawaka, saa zinakwenda, maharage bado magumu. Na wakati kiini cha karoti kinakataa kuiva, sukari iliyomo kwenye siki inateremka chini ya trei na kugeuka masizi machungu. Ukiacha kwanza mzizi uive na ubabuke kwa mafuta na chumvi peke yake, ukaja kuupaka shira dakika za mwisho, ugomvi huo haupo tena.

Siki ninayotumia ni ya balsamiki, ile nyeusi na tamu inayotoka Modena, Italia. Ziko za namna mbili, na ni vizuri kuzitofautisha kabla hujatoa hela. Ya jadi huandikwa Tradizionale kwenye chupa. Hutengenezwa kwa maji ya zabibu yaliyopikwa, bila kuchanganywa na siki nyingine, na hukaa kwenye mapipa ya mbao si chini ya miaka 12. Ile ya extravecchio si chini ya 25. Hiyo ya jadi naomba usiipike. Moto utafukuza harufu iliyongojewa miaka yote hiyo, na matone machache juu ya chakula kilichokwisha kuiva yanatosha kabisa. Ya kupikia ni ile yenye alama ya IGP, yaani alama ya Ulaya inayolinda majina ya bidhaa za eneo fulani. Hiyo ni mchanganyiko wa maji ya zabibu na siki ya mvinyo, ambayo hukomaa angalau siku 60. Nikishika chupa nasoma orodha ya viambato. Kinachotajwa kwanza ndicho kilicho kingi, kwa hiyo inayoanza na maji ya zabibu itakuwa tamu na nzito kuliko inayoanza na siki ya mvinyo.

Kwa kilo moja ya mizizi natumia siki mililita 120, asali kijiko kikubwa kimoja, mafuta vijiko vikubwa vitatu, siagi kijiko kikubwa kimoja, chumvi na pilipili manga. Karoti huwa ndiyo nyingi. Naongeza parsnipi, ule mzizi mweupe wenye umbo la karoti, na vitunguu vilivyokatwa mapande manene. Parsnipi kubwa huwa na moyo mgumu kama ukuni, nao nautoa kwa ncha ya kisu. Iliyokaa shambani hadi ikapigwa na baridi kali ni tamu zaidi, kwa sababu baridi hugeuza wanga wake kuwa sukari. Viazi vitamu pia vinafaa sana, ila vinaiva haraka, kwa hiyo vinaingia kwenye trei dakika 10 baada ya wenzake. Vikiwa vingi napunguza asali.

Bitiruti naipika peke yake. Rangi yake huyeyuka kwenye maji, na karoti zina maji mengi, basi ukizichanganya mapema trei nzima inakuwa nyekundu. (Rangi ya karoti huyeyuka kwenye mafuta, ndiyo maana haichafui jirani.) Naifunga nzima nzima kwenye karatasi ya foili pamoja na ganda lake, naioka hadi kisu kiingie bila kusukumwa, kama saa moja kwa za wastani. Ganda linatoka kwa kusuguliwa na kidole gumba. Halafu naikata na kuipaka shira yake kando.

Kukata kunataka uvumilivu. Karoti nazikata kwa mshazari, unene wa kidole, vipande vyote viwe karibu sawa. Vikitofautiana, vidogo vitaungua vikingoja vikubwa. Baada ya kuosha nakausha kwa kitambaa, tena nakausha kweli, maana maji yaliyobaki juu lazima yageuke mvuke kabla mboga haijaanza kubabuka. Trei naiweka mtupu ndani ya oveni ya nyuzi 210 ipate moto kabisa. Mboga zilizokwisha kupakwa mafuta na chumvi zinapomwagwa juu yake zinalia papo hapo, na sauti hiyo ndiyo ninayoitaka. Nazitandaza safu moja yenye nafasi. Zikibanana trei mbili ni bora kuliko moja, kwani zilizorundikana zinachemka kwa mvuke wa wenzake na hazibabuki. Dakika 25 hadi 30 zinatosha, na nazigeuza mara moja tu katikati.

Wakati huo ndio napika shira. Siki na asali vinaingia kwenye sufuria ndogo, moto wa wastani, dirisha wazi, kwa kuwa mvuke wa mwanzo unachoma pua na macho. Usiondoke hapo. Mwanzoni mapovu ni madogo, yana kelele, yanapasuka haraka. Baada ya dakika chache yanakuwa makubwa na mazito, yanapanda polepole yakipandana, na harufu kali inageuka kuwa ya zabibu zilizokaushwa. Napitisha mwiko chini ya sufuria: njia ikifunguka, chini kukaonekana kwa muda kidogo kabla shira haijarudi kuifunika, nazima moto hapo hapo. Itaonekana bado nyepesi, lakini shira huendelea kuwa nzito inapopoa. Ikipita kiasi na kuanza kuvuta nyuzi, kijiko kimoja cha maji ya moto na moto mdogo vinairudisha.

Mboga zikiwa zimelainika na ncha zimepata rangi ya kahawia, naimimina shira juu yake, nageuza kila kipande kipate, narudisha kwenye oveni dakika 5 hadi 8. Hapo simwamini mtu wala saa, natazama kwa macho. Sukari ya zabibu huungua upesi, na kati ya kung'aa na kuwa chungu ni kitambo kifupi mno. Shira inayochemka kwa mapovu madogo pembezoni mwa vipande iko tayari. Inayotoa moshi imechelewa. Natoa trei, natia siagi, nageuza tena taratibu, kisha naacha zitulie dakika tano bila kuguswa. Katika dakika hizo shira inashikilia mboga badala ya kubaki chini ya trei. Chumvi naionja mwisho kabisa, kwa sababu utamu na uchachu huificha, na mara nyingi inadai nyingine kidogo.

Usipopata balsamiki, siki ya tofaa inafanya kazi nzuri ukiongeza utamu: kwa kila vijiko vinne vya siki, kijiko kimoja na nusu cha asali au sukari ya kahawia. Shira yake ni nyepesi kwa rangi na kali zaidi kwa ulimi, na kwa parsnipi naipenda pengine kuliko ile nyeusi.

Zikibaki, hukaa kwenye friji siku mbili tatu bila shida, ila mng'ao unafifia. Zipashe kwenye kikaango kipana na kijiko kikubwa cha maji, moto wa wastani, bila kufunika. Maji yanayeyusha shira iliyoganda, yanakauka, na mboga zinarudi kung'aa.