Ngozi ya fedha, tumbo la shaba: mradi wa denari, wiki ya tano

Hatimaye nina kipande changu cha kwanza cha nusu kwa nusu, fedha na shaba. Ndio mchanganyiko ambao Kaizari Septimius Severus, mwishoni mwa karne ya 2 BK, aliuteremshia denari, sarafu ya fedha ya Warumi, na askari wake wakaendelea kulipwa sarafu yenye jina lilelile. Ninachotaka kuelewa ni kimoja: mtu wa sokoni Roma aliishika vipi sarafu hiyo akaona fedha?

Sonara wa mtaani kwetu ameniruhusu kutumia karakana yake jioni. Tulipomimina, kipande kilitoka na rangi ya waridi iliyopauka; hata mtoto asingekikubali. Tukakifua kikawa bapa, gramu 3.4, karibu na uzito wa denari ya Kaizari Nero. Kisha tukakichoma mpaka kikawa chekundu, na kilipopoa kilikuwa cheusi kama chungu, maana shaba ya juu imeungua. Fundi akakitumbukiza kwenye maji ya ukwaju yanayochemka. "Taratibu, mwanangu, usikikoroge," akaniambia. Weusi ukatoka, ukaacha madoa. Tukachoma tena, tukachemsha tena. Mara ya saba kikatoka cheupe kama maziwa, na kiliposuguliwa kwa kitambaa kikang'aa fedha tupu. Shaba ya juu imeliwa na ukwaju, fedha imebaki peke yake.

Nikakata ukingo kwa patasi. Ndani ni waridi uleule, na ngozi ya juu ni nyembamba kuliko karatasi. Nimeona denari nyingi za kale zenye majeraha ya patasi na alama ndogo za kugongwa, nikidhani zilichakaa tu. Sasa najua kuna mtu aliyetaka kuona tumbo la sarafu.

Ngozi hiyo imewapoteza hata wataalamu. Kwa muda mrefu iliandikwa kwamba Nero, alipopunguza denari mwaka 64 BK, aliiacha na fedha ya asilimia 93 hivi. Vipimo vilikuwa vikisoma juu juu. Walipotoboa mpaka ndani wakakuta kama asilimia 80.

Kwenye vipimo vyangu nimekwama. Nilipima kipande hewani, kisha kikiwa kimening'inia majini, nipate msongamano wake, yaani uzito kwa ukubwa wake, maana fedha ni nzito kuliko shaba ya ukubwa uleule. Mizani yangu inasoma mpaka sehemu ya mia ya gramu, nikadhani inatosha. Haitoshi. Maji yanayosukumwa yakiwa gramu 0.35, hesabu inanipa fedha asilimia 53, yakiwa 0.34, inaruka hadi 71. Kipovu kimoja kikishika ukingoni kinaharibu kila kitu. Nitaazima mizani ya sehemu ya elfu.

Warumi walikuwa na nummularius, mpima sarafu. Mwaka 85 KK kiongozi wa Roma, Marius Gratidianus, alipotangaza utaratibu wa kuzipima denari, watu walimpenda hata wakamsimamishia sanamu mitaa yote ya mji. Nilipousoma mkasa huo mara ya kwanza niliona wamezidisha. Sasa naona haki yao: mtu hajui kama ujira wa wiki nzima alioufumbata ni fedha au la, anatokea mmoja anayempa njia ya kujua.

Mwanafalsafa wa kale Epictetus anaeleza kwamba mpima sarafu hutumia macho, vidole na pua, kisha huiangusha denari na kusikiliza, wala haridhiki na mlio wa mara moja. Hilo tumelijaribu jana. Niliandaa vipande vitatu: fedha safi, nusu kwa nusu, na shaba iliyovikwa karatasi ya fedha, kama walivyofanya waghushi. Fundi akageuka ukutani, nami nikawa naviangusha juu ya jiwe bila mpangilio, mara kumi.

Cha karatasi alikitambua kila mara. "Hicho kimekufa," alikuwa akisema, kabla hakijatulia. Vile viwili vingine alivichanganya mara tatu. Kwa hiyo mghushi wa kichochoroni sikio lilimkamata, ila kipande cha Severus kililia kama fedha hata mbele ya mtu aliyeifua fedha miaka thelathini.

Jumamosi tunayeyusha cha fedha asilimia 5, kiwango ambacho sarafu za Kaizari Gallienus zilikuwa zimeshuka chini yake kufikia mwaka 268 BK. Fundi amekwisha kuniambia ukwaju hautakiokoa. Nataka kukiona hivyo hivyo.