Sambaza Waliokaangwa Ziwani

Alhamisi tarehe 27 Mei 2021 redio ilituamsha kabla hakujacha. Gavana wa kijeshi alikuwa ameagiza watu wa mitaa 10 kati ya 18 ya Goma, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, waondoke mara moja, na Mabanga yetu ilitajwa. Nyiragongo, mlima wetu wa volkano, ulikuwa umelipuka Jumamosi iliyotangulia. Lava ilisimama Buhene, mlangoni mwa mji, lakini ardhi haikuacha kutetemeka, na tuliambiwa kwamba moto umejipenyeza chini ya mji na hata chini ya ziwa. Tukafunga vitu, tukashika barabara ya Sake.

Usiku tulilala kwenye uwanja wa kanisa moja. Karibu yetu alikuwapo mwendesha chukudu wa mtaani kwetu, ambaye kila siku hubeba magunia ya makala, yaani mkaa, kwa hiyo skuta yake kubwa ya mbao. Siku hiyo alikuwa amembeba koko mmoja, mzee jirani, asiyeweza kutembea mbali, pamoja na magodoro mawili.

Tetemeko lilipopita chini yetu, watoto wakaanza kulia. Mwenye chukudu akaugonga udongo kwa kiganja: "Weye mlima, tumeshakuachia nyumba. Unataka nini tena? Kodi? Iko juu ya meza, ingia ujichukulie!"

Tulicheka mpaka tukashikana mabega. Mama mmoja alikuwa amekalia furushi lake tangu mchana, hasemi na mtu. Alicheka, akajifuta macho kwa ncha ya kikwembe, yaani kitenge chake, akainuka na kulifungua lile furushi. Akatoa sufuria, akauliza nani ana makala. Mimi naheshimu sana kipaji cha namna hiyo. Mwenye chukudu hakutudanganya kwamba hakuna hatari. Aliitaja hatari yenyewe, akaukemea mlima, wala hakumdhihaki hata mtu mmoja pale uwanjani, na watu wakakumbuka kwamba wana njaa.

Halafu mtu akauliza habari za ziwa, wanakovuliwa sambaza, samaki wadogo kama dagaa. Hofu hiyo haikuwa ya kijinga. Maji ya chini ya Ziwa Kivu yamebeba gesi nyingi, kaboni dayoksaidi na methani, na kwetu hata mtoto anajua mazuku, ile hewa inayolala mabondeni na kuua mbuzi na mtu bila kelele. Mwenye chukudu akajibu palepale: "Ziwa limeshachemka! Sambaza wanatoka wamekaangwa tayari, kilichobaki ni chumvi."

Sisi tuliomzunguka tulicheka, kwa sababu mwanga wa jiko ulikuwa unampiga usoni na tulimwona akijizuia asicheke. Lakini nyuma yetu, gizani, walilala watu ambao masikio yao yalipata maneno tu.

Muda haukupita mrefu, maneno yale yakarudi kutoka upande wa geti. Chumvi haikuwamo tena, wala kukaangwa. Sasa ilikuwa: kuna mtu ametoka Minova, kando ya ziwa, ameona samaki wamekufa, gesi inakuja. Watu wakaruka. Vikwembe vikafungwa ovyo, watoto wakavutwa mikono, msukumano ukaelekea barabara ya kupanda Masisi. Karibu na mimi mvulana mmoja aliponyokwa na mkono wa dadake mdogo, akabaki anapiga kelele za jina lake. Wiki ile watoto wengi walikuwa wameshapotezana na wazazi wao, na kile kilio kilinikata maini.

Mwenye chukudu alisimama, akapaaza sauti: "Ni mimi! Nilikuwa natania!" Hakuna aliyemwamini. Mtu akishatishika hivyo, anayemwambia ulikuwa utani humwona kama mtu anayeficha jambo.

Koko hakuweza kukimbia. Alikuwa amekaa chini, watu wanamruka. Akamkamata kijana mmoja suruali.

"Mwanangu, hao samaki umewaona?"

"Koko, niache, wamekufa wengi!"

"Basi niletee wawili. Bugali yangu iko kavu tangu asubuhi."

Kijana akasimama, mdomo wazi. Waliokuwa nyuma yake wakasimama pia, na mmoja wao akacheka, kicheko cha mtu aliyechoka. Ndipo wakaanza kuulizana: wewe uliambiwa na nani? Na yeye aliambiwa na nani? Hakupatikana aliyeona. Dada wa yule mvulana tulimkuta getini, mgongoni kwa mama asiyemjua, ameshafungwa vizuri kwa kikwembe.

Wanaume kadhaa walirudi na hasira, wakitaka kumpeleka mwenye chukudu kwa wanajeshi. Tulisimama mbele yao. Niliwaambia, na mpaka leo nasema hivyo, kwamba mzaha ule alipaswa kuuzuia: usiku kama ule, kati ya watu ambao hawamwoni uso, haukuwa na mahali. Lakini kumfanya mhalifu yule aliyetufungulia mafurushi, hapana. Walibishana nasi kwa sauti kubwa, na mmoja alikuwa ameshamshika kola.

"Mwacheni," koko akasema. "Huyo ndiye taksi yangu ya kurudi Goma. Ama wewe utanibeba?"

Aliyeshika kola akaachilia.