Kompyuta na Mchezo wa Herufi katika Majina ya Kiebrania

Nuhu kwa Kiebrania ni נח. Lisome kinyume unapata חן, yaani neema, na Mwanzo 6:8 inatuambia Nuhu alipata neema machoni pa Bwana. Mchezo huu wa kupanga upya herufi za jina ni wa zamani mno, na programu fupi inaweza kuutafuta katika majina yote ya Biblia kwa dakika chache. Ila programu iliyotungwa kwa ajili ya Kiingereza italikosa hata hili la Nuhu.

Kosa liko kwenye nun, yaani n. Herufi tano za Kiebrania, kaf, mem, nun, pe na tsadi, hubadili umbo zikiwa mwisho wa neno, na kompyuta huyahesabu maumbo hayo kama herufi tofauti. Dawa yake ni rahisi: katika Yunikodi, orodha inayoipa kila herufi namba yake kwenye kompyuta, umbo la mwisho hutangulia la kawaida kwa nafasi moja (ן ni 05DF, נ ni 05E0), hivyo ongeza moja tu. Kabla ya hapo futa alama za irabu na za kisomo, kuanzia 0591 hadi 05C7, lakini chunga 05BE. Hiyo ni maqaf, kistari cha kuunganisha maneno; ukiifuta badala ya kuigeuza iwe nafasi tupu, maneno mawili yatashikana.

Sasa panga herufi za kila neno kwa mfuatano wa alfabeti, na matokeo yawe ufunguo wake. Musa, משה, atakutana na השם, “Jina”, ambalo Wayahudi hulitumia kumtaja Mungu. Kila herufi ya Kiebrania pia ni namba, na yote mawili yana thamani ya 40+300+5, yaani 345. Waliosoma hesabu ya abjadi wataona ni mtindo uleule. Usitosheke na jumla, hata hivyo: משיח (Masihi) na נחש (nyoka) yote ni 358 ilhali herufi hazilingani. Jumla ikitofautiana, tupa. Ikilingana, linganisha funguo.

Kiingereza huandika irabu, na jina refu huzaa sentensi. Clint Eastwood hupanguliwa kuwa “Old West action”, vituko vya magharibi ya kale, na kweli alivuma kwa filamu za aina hiyo. Hapo hesabu kila herufi, toa za neno la kwanza, kisha tafuta neno linaloingia katika zilizobaki. Anza na herufi adimu kama w, maana maneno yanayoikubali ni machache na utafutaji hupungua sana. Baada ya neno hilo la herufi adimu, maneno mengine yafuatane kialfabeti, la sivyo jibu moja litajirudia kwa kila mpangilio.

Kiebrania kina tatizo la kinyume: irabu nyingi haziandikwi, maneno ni mafupi, na majibu hufurika. Weka kikomo cha chini cha herufi tatu kwa neno, na usiingize viambishi ו, ה, ב, כ, ל, מ, ש kwenye kamusi. Vijaribu mwishoni, peke yake.

Ukimaliza, rudisha maumbo ya mwisho kabla ya kuonyesha jibu, ila majina ya kigeni yanayoishia na sauti ya p yaache. Philip huandikwa פיליפ, kwa pe ya kawaida.